Gari la zamani likigoma kuwaka au likizima njiani: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kununua spea

Hapa Mwanza gari lililotengenezwa miaka ya 1980 au 1990 bado ni chombo cha kazi. Linabeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, linapanda Bugando na Isamilo, linakwenda Magu na kurudi siku hiyohiyo. Likigoma kuwaka asubuhi, au likizima katikati ya safari, mwenye gari hupoteza siku ya kazi, na mara nyingi hupoteza pia fedha inayozidi mbali thamani ya kilichoharibika, kwa sababu vitu huanza kubadilishwa kabla ya mtu yeyote kupima. Mwongozo huu ni wa mwenye gari asiye fundi, na wa kijana anayejifunza kazi gereji, nikijua kwamba sehemu kubwa ya hitilafu hizi hugundulika kwa taa ya kupimia umeme, voltimita ya bei ndogo, spana chache na subira.

Injini ya petroli ina mahitaji manne: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, ipate cheche ya plagi kwa wakati wake, na iwe na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kabla ya kushika spana, jiulize injini imekosa lipi kati ya hayo, kisha jiulize ilikuwa katika hali gani ilipolikosa. Je, lilikuwa la baridi au limeshapata moto? Mvua ilikuwa imenyesha? Ulikuwa unapanda mlima, unafunga breki, au umesimama kwenye foleni? Je, lilizima ghafla kama mtu aliyezima taa, au lilianza kukohoa na kupoteza nguvu kidogo kidogo? Injini inayozima ghafla bila dalili kwa kawaida imekosa umeme, na ile inayodhoofika na kusitasita kabla ya kuzima kwa kawaida imekosa mafuta. Kanuni hii haikosi vighairi, lakini imeniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote ninachomiliki.

Stata isipozungusha injini

Ukigeuza ufunguo na usisikie kitu, washa taa kubwa za mbele, kisha geuza ufunguo tena huku ukizitazama. Taa zikififia sana au zikizimika, betri imeisha nguvu au waya zake hazishikani vizuri. Taa zikibaki na mwanga uleule na stata isitikisike, basi umeme wa kuiamsha haufiki kabisa, na hapo utatazama swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei na ile waya nyembamba inayoingia kwenye selenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku. Kama gari ni automatiki, hamisha gia kutoka P kwenda N na ujaribu tena, kwa kuwa swichi ya gia iliyochakaa huzuia stata kana kwamba gari liko kwenye mwendo.

Mlio nao una maana yake. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea. Ukisikia "ko!" moja nzito huku taa zikiwa na mwanga mzuri, tatizo mara nyingi limo ndani ya stata yenyewe. Stata nyingi za Toyota za miaka hiyo zina vipande vya shaba ndani ya selenoidi ambavyo hulika kadiri vinavyotumika, mpaka vinashindwa kugusana. Fundi umeme anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake kwa gharama ndogo, kwa hiyo usikubali kuambiwa ununue stata nzima kabla selenoidi haijafunguliwa.

Betri ipime kwa voltimita baada ya gari kulala usiku. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.4 imepungua, na ikifika 12.0 haina cha kutegemewa. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6, na injini ikishawaka usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Usipopanda, alternata haichaji, na betri mpya utakayonunua leo itakufa vilevile kabla ya wiki kuisha. Hapa mjini wapo wenye magari wanaotafuta mteremko wa kuegesha kila jioni ili asubuhi waliwashe kwa kuliachia lishuke. Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo, lakini mteremko unaficha ugonjwa ambao ungepimwa kwa dakika tano, na gari la automatiki halitawaka kwa njia hiyo.

Waya wa ethi unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu husahaulika kuliko vyote. Betri imefungwa kwenye bodi, na injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima kuwe na waya mnene unaounganisha injini na bodi. Ukikatika au ukishika kutu, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi. Pikapu ya jirani yangu wa Nyakato ilikuwa ikizungusha stata kwa uzito kama mtu anayeamka na homa, na betri mbili zilikuwa zimeshabadilishwa. Nilipofungua boneti na kumwomba apige stata, niliona moshi mwembamba ukitoka kwenye kebo ya choki, nilipoigusa ikaniunguza kidole, kwa sababu umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye kebo ile. Waya wa ethi ulikuwa bado umefungwa kwa boliti yake, lakini ndani ya ganda nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Kupima ni rahisi: weka ncha moja ya voltimita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma tupu ya injini, kisha mtu apige stata. Usomaji ukizidi sana volti 0.2, njia ya kurudishia umeme ni mbovu.

Stata usiizungushe zaidi ya sekunde kumi mfululizo, kisha ipumzishe angalau nusu dakika, kwa kuwa hupata joto kali upesi. Na ukilazimika kubusti kutoka gari jingine, waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye chuma ya injini ya gari lililogoma, mbali na betri, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche ndogo.

Stata inazungusha, injini haishiki

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo utaratibu unapohitajika. Anza na cheche, kwa sababu ndiyo rahisi kuipima. Kwanza hakikisha hakuna petroli iliyomwagika wala kuvuja. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, ulaze chuma ya plagi hiyo juu ya chuma tupu ya injini ukiishika kwa koleo yenye mpini wa mpira, kisha mtu apige stata. Kwa gari la nozeli, yaani lisilo na kabureta bali hunyunyiziwa petroli kwa nozeli, toa kwanza fyuzi ya pampu ya mafuta. Cheche nzima ni ya bluu na ina mlio, wakati cheche ya njano nyembamba ni dhaifu, nayo inaweza kushindwa kabisa ikiwa ndani ya silinda yenye mgandamizo. Usiache waya ukining'inia hewani stata ikizunguka, kwa maana umeme ukikosa pa kurukia unaweza kuharibu koili, inayozidisha umeme wa plagi, au ignaita, swichi ya kielektroniki ya koili hiyo.

Cheche isipoonekana, fungua kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na umwombe mwenzako apige stata huku ukitazama rota, kidole kinachozunguka ndani yake, kwa mbali kidogo. Rota isipozunguka ilhali injini inazunguka, mkanda wa taimingi umekatika au gia inayozungusha distribyuta imeharibika, na dalili nyingine ya mkanda uliokatika ni kwamba stata huzungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida. Simama hapohapo usiendelee kupiga stata, kwa sababu katika baadhi ya injini valvu zinaweza kugonga pistoni.

Kama rota inazunguka, tazama ndani ya kifuniko kwenye mwanga wa jua. Mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, ni ufa ambao umeme umekuwa ukipitia, na hausafishiki, kifuniko hubadilishwa. Unyevu nao una lawama yake katika mji wa kando ya ziwa, hasa asubuhi baada ya mvua ya usiku. Kifute kwa kitambaa kikavu, ukianike juani, na gari likiwaka baada ya hapo umekwisha kujua tatizo. Njia nyingine ninayoipenda ni kusubiri giza, kufungua boneti injini ikiwa imewaka, na kutazama bila kugusa chochote. Waya za plagi zilizochakaa huonekana zikitambaliwa na vicheche vya bluu, na utazihesabu moja moja bila kifaa chochote.

Ipo dalili moja ambayo mtu akiijua hawezi kudanganywa: injini inawaka ufunguo ukiwa kwenye START, na inazima papo hapo unapouachia urudi ON. Katika mifumo ya zamani yenye pointi, yaani swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokatakata umeme wa koili, koili hupata umeme kwa njia mbili. Wakati wa kupiga stata hupata umeme wa moja kwa moja, na baada ya hapo hupata umeme uliopunguzwa na rezista yake. Rezista ikikatika, au sehemu ya ON ya swichi ikiungua, hutokea hivyohivyo nilivyoeleza. Gari la namna hii halina tatizo la kabureta hata kidogo, ingawa nimeona kabureta zikifunguliwa kwa ajili yake.

Cheche ikiwa nzuri, hamia kwenye mafuta. Kwa kabureta, ondoa kifuniko cha chujio la hewa injini ikiwa imezimwa, tazama ndani, kisha vuta kebo ya akseleta kwa mkono. Unapaswa kuona mirija midogo ikirusha petroli. Isiporusha, bakuli la kabureta ni kavu, na utarudi nyuma hatua kwa hatua: pampu, chujio, mpira, tangi. Ukisikia harufu kali ya petroli na plagi zimelowa, injini imezama mafuta. Kanyaga akseleta mpaka chini bila kupampu, piga stata, na uipe nafasi ijikaushe. Usimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta ili kulilazimisha gari liwake, kwa kuwa injini ikirudisha moto juu, unaungua uso.

Kwa Toyota za nozeli za miaka ya 1990, fahamu kwamba nyingi pampu yake haingurumi ufunguo ukiwa ON tu. Hufanya kazi stata inapozunguka na injini inapowaka, hivyo ukimya wake peke yake si ushahidi wa kufa. Magari hayo yana hazina ambayo wenye magari wengi hawaijui. Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ukikifungua utaona alama za matundu chini ya mfuniko. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, weka ufunguo ON bila kuwasha, kisha hesabu mipepeso ya taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa kwa kasi moja bila kukoma, haina cha kusema. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne, hiyo ni 14, yaani ishara ya ignaita haipatikani. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji, ambayo ikidanganya hufanya gari liwake kwa shida, liwe la baridi au la moto.

Petroli yenyewe nayo ichunguzwe, hasa kama ilinunuliwa kwenye madumu njiani. Toa kiasi kwenye chupa ya kioo iliyo safi, iache itulie. Maji hukaa chini, na mstari wa kuyatenga na petroli unaonekana wazi kwa macho.

Linawaka, kisha linazima

Gari linalowaka vizuri lakini likazima kila unapotoa mguu kwenye akseleta limekosa silensa, yaani haliwezi kunguruma peke yake. Kwa kabureta, mshukiwa wa kwanza ni jeti ndogo ya silensa iliyozibwa na uchafu, na wa pili ni selenoidi yake, ambayo inapaswa kutoa mlio wa "tik" kila unapogeuza ufunguo ON. Kwa gari la nozeli, mara nyingi ni masizi yaliyoganda kwenye mlango wa hewa na kwenye valvu ya silensa. Likizima unapofunga breki, sikiliza kama kuna mvumo wa hewa karibu na pedali. Busta ya breki iliyopasuka huvuta hewa isiyopimwa na kuivuruga injini, na breki zenyewe huwa nzito. Hilo lisingoje kesho. Mipira mingine midogo ya vakyumu, ikikauka na kupasuka, huleta shida ileile ya silensa.

Kuzima kwa ajili ya joto ndiko kunakochosha watu zaidi, maana gari linapofika gereji limeshapoa na linawaka kama jipya. Koili, kondensa na ignaita ni vifaa vinavyoweza kufanya kazi vikiwa vya baridi na kukata vikipata moto. Gari hukimbia nusu saa, huzima ghafla, hukaa kando ya barabara, kisha huwaka kama halikuwa na neno. Petroli nayo inaweza kuchemka ndani ya bomba lililopita karibu na injini, ikageuka mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Hili nililiona mara nyingi kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, kabla ya daraja la kilomita 3 la kwenda Busisi kufunguliwa Juni 2025. Magari yalifika yakiwa ya moto, yakazimwa, joto likabaki chini ya boneti bila feni wala upepo, na kivuko kilipofika kuna yaliyogoma. Tofauti utaipata kwa kupima lilipozimia palepale, kabla halijapoa: beba plagi ya akiba na koleo, na upime cheche ndani ya dakika mbili za kwanza. Ikiwa ipo, tatizo liko upande wa mafuta. Ikiwa haipo, liko upande wa umeme.

Corolla yangu ya 1988 ilinifundisha hili kwa gharama kubwa. Ilikuwa ikizima kila mara baada ya kupita Usagara, si ghafla, bali kwa kudhoofika, na baada ya robo saa ikiwaka yenyewe. Gereji niliyoipelekea ilibadilisha koili, ikabadilisha plagi na pampu ya mafuta, ikafungua kabureta mara mbili, na bado nikazimia palepale. Mzee mmoja fundi, aliyekuwa akitengeneza trekta kando ya barabara, alinikuta nimeinama kwenye boneti. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza neno moja tu: "Kijana wangu, mfuniko wa tangi umewahi kubadilisha?" Nilikuwa nimebadilisha, kwa sababu wa zamani ulipotea. Alikwenda nyuma, akaufungua, na tangi likavuta pumzi, "shwiii", mlio mrefu uliosikika hadi kwenye boneti. Mfuniko mpya haukuwa na tundu la kuingiza hewa. Petroli ilikuwa ikitoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kunyonya. Gari liliwaka pale pale, na nikaendelea na safari mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo mpaka nikapata mwingine.

Kwa hiyo gari likizima kwa kudhoofika baada ya mwendo, fungua mfuniko wa tangi kabla ya kufungua kitu kingine. Kama tangi halina mvumo wowote, tazama chujio la mafuta, na kumbuka kiasi kilichobaki kwenye tangi: mlima mkali husogeza petroli kidogo iliyopo mbali na bomba la kunyonyea, na gari linalozima likipanda Bugando linaweza kuwaka vizuri likigeuzwa tambarare.

Kwa injini za dizeli, kama za Hilux za zamani, maelezo ni machache. Asubuhi likizungusha bila kuwaka huku likitoa moshi mweupe kwenye ekzosi, dizeli inafika lakini haiwaki, na plagi za joto ndizo za kupimwa kwanza. Lisipotoa moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Pampu kwa mkono kile kitufe kilicho juu ya chujio, na kama ni chepesi na hakipati ugumu, hewa inaingia mahali fulani kwenye mipira. Usisahau pia selenoidi ya kuzimia iliyoko kwenye pampu, kwani waya wake mmoja ukichomoka injini haiwaki kabisa.

Ukifika hatua ya kumwita fundi, mpe ulichokipima kwa maneno kamili. Mwambie: "Fundi, limezima ghafla baada ya nusu saa, nimepima palepale halikuwa na cheche, limepoa dakika ishirini cheche imerudi, betri inasoma 12.6." Kwa taarifa hiyo ataanzia kwenye koili na ignaita, na kabureta yako itabaki imefungwa.